Jinsi ya kuandaa asubuhi ya urithi na watoto Lamu

Shule zikikaribia kufungwa, simu yangu haitulii. Maswali ni yale yale: tuanzie wapi, ruhusa anatoa nani, tuchange kiasi gani, na watoto watatulia kweli? Mwanzoni nilikuwa nikimjibu kila mtu peke yake mpaka chai inapoa. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, na anayepiga simu nitamtumia haya.

Ninachoeleza ni asubuhi moja: watoto wasiozidi 24, wazazi wao, jumba moja la makumbusho na fundi mmoja. Ukitaka tamasha lenye mashindano ya jahazi na mbio za punda, lile la Novemba lipo na lina wenyewe. Hii ni kazi ya majirani.

Kanuni nitakayoirudia hadi ukereke ni hii: kitu kimoja tu. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kila mwandaaji mpya anataka kuuonyesha wote kabla ya adhuhuri. Ngome, makumbusho ya pwani, Nyumba ya Kiswahili (nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho), posta ya Wajerumani, halafu ngoma. Ikifika saa tano watoto wanalia, wazazi wanatafuta kivuli, na hakuna anayekumbuka alichokiona saa tatu.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Wenzako wanne wa kutegemewa, na wawili kati yao wawe wanawake. Usiifanye peke yako hata kama unaweza.
- Mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita.
- Maji ya kunywa, lita moja kwa kila kichwa, na vikombe.
- Penseli, karatasi nene, na ubao wa kuandikia kwa kila mtoto (kipande cha katoni ngumu kinatosha).
- Sabuni za mche. Nitaeleza za nini.
- Kisanduku cha dawa: plasta, pamba, dawa ya kusafishia kidonda.
- Orodha ya majina ya watoto na nambari za wazazi, kwenye karatasi. Simu huzima.
- Choo. Ndiyo, choo. Ujue ni cha nani, kiko wapi, na mwenyewe amekubali.

## Hatua

1. Chagua kitu chenyewe.

Kifae kuonwa makumbusho, kionekane tena mtaani, na mtoto aweze kukifanya kwa mikono yake. Kikikosa moja kati ya hayo matatu, kiache.

Siwa, baragumu kubwa la kale, ni nzuri sana. Makumbusho ya Lamu yana siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, na ile ya Pate ina urefu unaopita mita 2, mtoto akisimama kando yake anaguna. Lakini mtaani hakuna inayopulizwa, kwa hiyo sianzi nayo. Posta ya Wajerumani inafaa kwa watoto wanaojua kuandika: ilifunguliwa 1888, ikafungwa 1891, na mtoto anaweza kumwandikia bibi yake barua akaipeleka mwenyewe kwa miguu. Ngome pia inafaa. Ilikamilika 1821, na kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, maana yake babu wengi wa watoto hawa wanaikumbuka ikiwa imefungwa makufuli.

Kwa mara ya kwanza, nakushauri uchukue mlango. Milango ya nakshi iko makumbusho, iko mtaani Mkomani kila hatua chache, na mafundi wanaoichonga wapo hai na karakana zao ziko wazi. Mfano wangu kuanzia hapa ni mlango.

2. Chagua siku.

Ijumaa haifai. Ramadhani haifai kwa asubuhi, ingawa usiku baada ya tarawehe hadithi na vitendawili vinanoga. Wiki ya Maulidi watoto wote wako msikiti wa Riyadha, usishindane nayo. Kabla hujatangaza, muulize ustadhi wa chuo cha Qurani cha mtaa wenu ratiba yake, kwa sababu wengi wa watoto wako ni wanafunzi wake, na akikubali kuwaachia asubuhi moja umeshapata watu. Nimewahi kuona tangazo zuri kabisa likikosa watoto kwa kuwa hakuna aliyemwendea ustadhi.

Ukipenda siku yenye jina, Siku ya Makumbusho Duniani ni tarehe 18 Mei. Ila Mei ni masika. Uwe na mahali penye paa.

3. Nenda makumbusho mwenyewe kwanza.

Nenda kama mgeni, tazama, hesabu hatua. Kisha omba kuonana na msimamizi, umweleze siku, idadi ya watoto, umri wao na kitu mnachokuja kukiona. Peleka barua hata kama mnafahamiana. Barua ndiyo inayompa yeye nguvu ya kukusaidia. Uliza mambo manne: kiingilio cha watoto na cha walimu au walezi, namna ya kulipa (malipo ya serikali siku hizi hupitia mtandao wa eCitizen, basi yamalizwe kabla ya siku yenyewe), watoto wangapi wanaruhusiwa kuingia pamoja, na vitu gani vinaruhusiwa kuguswa.

Nyumba ya Kiswahili ni ndogo. Usiingize zaidi ya watoto 12 kwa mara moja.

Mkitaka kutumia uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, pitia pia kwa mzee wa mtaa na ofisi ya chifu.

4. Tafuta wazee na fundi.

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usimwendee mzee na daftari mkononi. Nenda baada ya alasiri, barazani, amkia, keti, subiri kahawa ipite. Ukifika zamu yako ya kusema, usiulize historia. Nilimwuliza mzee mmoja "historia ya mji wetu", akajiweka sawa, akasafisha koo, akanipa hotuba ya dakika 40 ambayo mtoto asingeivumilia hata tano. Wiki iliyofuata nikarudi nikamwuliza kwa nini komeo la mlango wake limechakaa upande mmoja tu. Akacheka. Akasema mamake alikuwa na mkono mmoja wenye nguvu, na kila alfajiri alikuwa akilisukuma kwa ule ule, huku akimwita kila mtoto kwa jina aamke. Hiyo ndiyo hadithi ya watoto. Uliza juu ya kitu, na mtu atatoka humo.

Kwa bibi zetu, mtume mjukuu wa kike atangulie. Wengi hawapendi kusimama mbele ya watu, na usiwalazimishe. Afadhali wasichana wachache waingie kiwandani kwake, yaani ua wa ndani ya nyumba, waketi mkekani, wamsikilize akiwa kwake. Waambie watoto wategee maneno. Bibi akisema *mato* badala ya macho, *ndia* badala ya njia, *mtele* badala ya mchele, wayaandike. Watoto wa siku hizi wanarudi na Kiswahili cha darasani tu, na Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, wanakiona ni cha kuchekesha. Mwisho wa asubuhi, aliyeokota maneno mengi zaidi anapewa kashata.

Fundi naye, usimwite kwa asante tupu. Muda aliokaa nanyi ni muda ambao patasi yake haikumwingizia kitu. Kubalianeni bei mapema, umpe kwenye bahasha, mbele yake yeye peke yake. Na mweleze wazi: tunataka uonyeshe, si uhubiri.

5. Waite wazazi.

Tangazo fupi kwenye kundi la mtaa la WhatsApp, na neno moja msikitini kwa idhini ya imamu. Lakini kinachojaza watu ni akina mama kuambiana. Andika wazi kwamba mzazi anakuja na mtoto, siyo kumleta na kumwacha. Umri: miaka 7 hadi 12. Wadogo zaidi waje wakiwa mikononi mwa mtu wao.

Weka jina la kila mtoto kwenye orodha. Orodha ikifika 24, funga, na waliobaki waandikie siku ya pili. Utalaumiwa. Vumilia.

6. Ipite njia kwa miguu, pamoja na mtoto mmoja.

Siyo wewe peke yako. Mtoto wa miaka minane atakuonyesha mambo usiyoyaona: ngazi iliyo ndefu, mtaro ulio wazi, mahali paka walipojaa akakataa kuondoka. Pima dakika kwa mwendo wake. Chagua milango mitano tu ya kusimama, na kwa kila mmoja gonga hodi, mwombe mwenye nyumba ruhusa. Usiseme "ni nje tu." Mlango ni uso wa mtu.

7. Siku yenyewe.

Saa mbili na nusu: kukutana Mkunguni, majina, maji. Gawa vikundi vya sita na mpe kila mtoto mwenzake wa kushikana mkono. Fundisha jambo moja la usalama: ukisikia "simile!", ukutani. Hatuna magari vichochoroni, lakini punda mwenye magunia ya saruji hasimami.

Saa tatu: Nyumba ya Kiswahili, kwa zamu. Nusu ya watoto ndani, nusu nje na vitendawili. Msitembeze watoto chumba kwa chumba. Wasimamishe dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, wakae kwenye viti vya mawe, waulize: mgeni alikuwa akingoja wapi? Kisha waingie tekani, ukumbi mdogo unaofuata mlango, halafu kiwandani, wahesabu pembe walizopinda mpaka kufika ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Waache wagundue wenyewe kwamba aliyesimama njiani haoni kitu cha ndani.

Wape na swali moja gumu. Mimi huwapa hili: kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba? Waache wapime kwa hatua, wabishane. Mtoto mmoja akiinua kichwa akaona boriti, amelipata: dari imelala juu ya miti ya mikoko, na mti wa mkoko hauvuki upana mkubwa, kiasi cha mita 3 hivi. Chumba kinaweza kurefuka utakavyo, lakini upana umeamuliwa msituni.

Saa nne: mahamri, mabuyu, maji ya ukwaju. Kivulini. Usiruke hapa.

Saa nne na nusu: milango mitano. Kila mtoto anachora sehemu moja tu ya kila mlango, mwache achague. Wafundishe majina kwa kugusa hewa, bila kugusa mbao: kizingiti, miimo, na mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya wa mbao mbili. Jina walilolitamka mbele ya kitu hawalisahau.

Saa tano: kwa fundi, halafu kazi ya mikono.

Saa sita kasoro: kutandaza kazi barazani, wazazi wapite watazame. Mfunge kabla ya adhana ya adhuhuri.

8. Kazi ya mikono: nakshi kwenye sabuni.

Patasi na mtoto wa miaka minane havikai pamoja. Tulijaribu mbao laini, tukaishia kwenye plasta. Sabuni ya mche ndiyo jibu, na ni rahisi kwa bei.

Nunua sabuni mpya, siyo iliyokaa dukani hadi ikakauka, ile hupasuka. Itoe kwenye karatasi, iache upepo wa usiku mmoja ishike kidogo. Ikate vipande vya unene wa vidole viwili kwa uzi mgumu. Kisu huivunja pembe. Mtoto achore kwanza ua moja kwa penseli kwenye karatasi, alilolinakili mlangoni. Aweke karatasi juu ya sabuni, apitishe penseli juu ya mistari ili alama ibaki. Kisha akwangue kwa mkia wa kijiko cha chai, taratibu, akianza katikati ya ua kwenda nje. Ncha ya msumari hutengeneza mishipa ya majani. Mwisho apige brashi kuukuu ya meno kuondoa vumbi.

Fundi azunguke. Nilichokipenda kuliko vyote ni siku fundi mmoja, mtu wa maneno machache, alipokishika kipande cha msichana mdogo, akakigeuza mwangani, akamwambia: "Umeenda ndani sana hapa, ua halina pumzi." Mtoto akaelewa. Mimi ningemwambia "vizuri sana", asijifunze kitu.

9. Rudisha.

Ndani ya wiki moja, rudi kwa kila aliyekufungulia mlango umpe mchoro wa mlango wake. Nakala moja peleka makumbusho. Bila hatua hii, mara ya pili utagonga hodi usijibiwe.

## Makosa niliyoyaona, mengine ni yangu

Krayoni kwenye mlango wa kale. Ni mimi. Niliona mahali watu wakiweka karatasi juu ya nakshi na kusugua, nikawapa watoto krayoni za nta, karatasi zikateleza. Mlango una umri mkubwa kuliko babu yangu, na una michirizi ya buluu. Nilikwenda kuomba radhi mara tatu. Kusugua kufanyike kwenye ubao mpya wa fundi, kwa penseli, na kwingine kokote hapana.

Bakora kabla ya chakula. Kama mzee wa kirumbizi, ngoma ya kupigana kwa bakora, atawaonyesha watoto, aonyeshe, aondoke na bakora zake. Ukiwaachia, utacheza wewe refa.

Kupiga picha ndani ya nyumba za watu. Uliza kila mara, na picha za wanawake na wasichana zisitumwe popote bila idhini ya wenyewe na ya wazazi.

Mashindano ya kila kitu. Zawadi moja ya maneno ya Kiamu inatosha. Ukitoa ya mchoro bora, utamfurahisha mtoto mmoja na kuwaliza 23.

Wageni rasmi. Ukimwalika kiongozi, atachelewa, na atahutubia.

## Mkitaka kuvuka Manda kwenda Takwa

Hii iwe ya mara ya pili au ya tatu. Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, ni mji uliohamwa katika karne ya 17. Msikiti umesimama bila paa, kaburi la mnara lina mwaka unaolingana na 1683, na mibuyu yake peke yake inatosha kuwashughulisha watoto nusu saa.

Kinachoamua ni maji. Chombo hupita mkondo katikati ya mikoko, na maji yakipwa mnakaa. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana asubuhi mnamo saa nne au saa tano, ndipo hasa mnapotaka kusafiri. Afadhali siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hujaa asubuhi hiyo hiyo. Kumbuka pia kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Usihesabu mwenyewe, muulize nahodha, na akisema saa ya kurudi ni saa sita basi ni saa sita, hata kama mtoto hajamaliza kuchora. Kila mtoto jaketi la kuokoa maisha, lifungwe, lisiwe la kukalia. Kusi likivuma Juni na Julai, bakini Amu, yaani Lamu.

## Yakienda kombo

Wamekuja 60 badala ya 24. Usiwafukuze. Vitendawili na rede Mkunguni kwa waliozidi, na wenzako wawili. Jumba la makumbusho wanaingia walioandikwa tu. Andika majina ya wengine hapo hapo kwa siku ya pili.

Mzee hakufika. Mwendeeni yeye. Mara nyingi yupo kwake, anangoja kuitwa mara ya pili.

Fundi anaongea bila kikomo. Mwombe akuonyeshe anavyonoa patasi. Mikono ikianza, mdomo hutulia.

Mvua. Rukeni milango mitano, nendeni moja kwa moja kwenye sabuni. Kwa hiyo hakikisha mahali pa sabuni pana paa tangu mwanzo.

Malipo yamekwama, mtandao hauko. Ndiyo maana nilisema ulipe kabla. Kama hukulipa, mkae dakani nje na muanze na milango, makumbusho yawe ya mwisho.

Watalii wanawapiga picha watoto. Mzazi mmoja awe na kazi hiyo tu, ya kusema hapana kwa upole.

Mtoto haonekani. Simamisheni kila kitu, hesabu upya kwa majina na siyo kwa vichwa. Mtu mmoja aende Mkunguni asimame hapo, maana mtoto wa Amu akipotea hurudi Mkunguni. Wangu nilimkuta kwa muuza viazi karai.

Wavulana wamekataa kukwangua maua. Wape jahazi wachore. Sabuni haichagui.

Chenga za sabuni zikusanye kwenye ndoo, usizimwage mtaroni. Mpelekee yule mama aliyewakubalia choo chake.